Hesabu za moli zikigoma: soma kosa kwenye jibu lenyewe

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu akikosa swali la moli, kitu cha kwanza anachofanya ni kulifuta. Usifute. Jibu lililokosewa ndilo linaloonyesha hatua gani imeharibika, na makosa ya hesabu hizi ni yaleyale, iwe Mbeya, Iringa au Njombe. Chukua jibu lako na jibu sahihi, gawanya kubwa kwa dogo, uone umepata nini. Ukipata 2 kuna sababu zake, ukipata 4 kuna sababu yake, ukipata 1,000 huna hata haja ya kufikiri sana. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili hizo, na chini ya kila dalili sababu inayotokea mara nyingi ndiyo inayotangulia.

Kabla ya dalili yoyote

Kagua mambo matatu. Mlinganyo umebalansi? Hesabu atomu za kushoto na za kulia kwa kidole, usikadirie kwa macho. Kila namba ina kizio chake, yaani g, mol, cm³ au dm³? Na je, umepita kwenye moli, au umeruka kutoka gramu hadi gramu?

Hilo la tatu ndilo linaloangusha wengi. Mlinganyo wa kemikali hausemi habari za gramu, unasema idadi. Trei ya mayai ya kienyeji na trei ya mayai ya kisasa zote zina mayai 30, lakini ukiziweka kwenye mizani hazitalingana. Moli nayo ni idadi, chembe 6.02 × 10²³, na uzito wake unategemea ni chembe za kitu gani. Kwa hiyo njia ni hii: gramu za ulichopewa, moli za ulichopewa, moli za unachotafuta, halafu gramu au ujazo wa unachotafuta. Mistari minne. Anayebana yote kwenye mstari mmoja ili aonekane ana kasi hataona alipoteleza, na mwalimu anayesahihisha hataona pa kumpa maksi za njia.

Dalili: jibu limekosewa mara 2, 3 au 4

Sababu kubwa kuliko zote ni kupuuza uwiano wa mlinganyo, na kwa maoni yangu mfano wa kwanza darasani unachangia. Mwalimu wa huku akitaka mfano wa karibu anakwenda kwenye mawe ya chokaa ya Songwe, yale yanayochomwa kiwandani kutengenezea saruji:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Mfano ni mzuri. Gramu 100 za jiwe safi zinatoa gramu 56 za oksidi ya kalsiamu na gramu 44 za kaboni dayoksaidi, na hesabu inafunga bila mabaki. Shida ni kwamba kila kitu hapo ni moja kwa moja, na mwanafunzi anatoka akiamini moli za kushoto zinalingana na za kulia siku zote. Sasa chukua jiwe lilelile ulitie kwenye asidi:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Gramu 10 za CaCO₃ ni moli 0.1, na zinahitaji moli 0.2 za HCl. Kama asidi ni ya 1 M, yaani moli 1 kwa kila dm³, hizo ni cm³ 200. Aliyepuuza uwiano ataandika cm³ 100. Aliyeukumbuka lakini akaugeuza, yaani akagawanya kwa 2 pale alipotakiwa kuzidisha, ataandika cm³ 50. Fanya ule mgawanyo: 200 kwa 100 ni 2, 200 kwa 50 ni 4. Kwa hiyo kosa la mara 2 linasema umesahau uwiano, na kosa la mara 4 linasema uliukumbuka ila umeuweka kichwa chini miguu juu. Uwiano ukiwa 1 kwa 3, kama wa naitrojeni na haidrojeni kwenye kutengeneza amonia, makosa hayo yanakuwa mara 3 na mara 9.

Kurekebisha: andika uwiano kama sehemu kabla ya kugusa kikokotoo, namba ya unachotafuta juu, ya ulichopewa chini, kisha zidisha kwa moli ulizonazo. Usiukariri kichwani.

Sababu ya pili ni gesi zinazotembea wawili wawili: H₂, O₂, N₂, Cl₂. Gramu 16 za gesi ya oksijeni ni nusu moli, kwa sababu moli moja ya O₂ ni gramu 32. Ukiona umekosea mara 2 na uwiano wako uko sawa, tafuta hapa.

Sababu ya tatu ni mabano kwenye fomula, na kosa lake halikupi namba nzuri ya kukutahadharisha, linakupa jibu la ajabuajabu. Hapa nyumbani kwetu kuna kitu cha kukusahihisha bure: mfuko wa urea. Kwenye maduka ya pembejeo kuanzia Mbalizi hadi Makambako, mfuko wa urea umeandikwa naitrojeni asilimia 46. Fomula ni CO(NH₂)₂. Namba 2 ya nje ya mabano inazidisha kila kilichomo ndani, N pamoja na H, kwa hiyo masi ya moli, yaani gramu za moli moja, ni 12 + 16 + 2 × (14 + 2) = 60. Naitrojeni ni 28 kati ya 60, sawa na asilimia 46.7. Mfuko unakubaliana na wewe, na ule wa kilo 50 una kilo 23 hivi za naitrojeni. Aliyezidisha H peke yake na kuiacha N anapata 12 + 16 + 14 + 4 = 46, kisha 14 kwa 46, asilimia 30. Mkulima angemrudishia mfuko.

Usijaribu hivyo kwa mbolea ya DAP, utachanganyikiwa. Mfuko wake unasema 18-46, ile 18 ni naitrojeni, ila ile 46 ni fosforasi iliyohesabiwa kama oksidi, P₂O₅, si fosforasi yenyewe, tena mbolea ya dukani si (NH₄)₂HPO₄ safi. Ukikokotoa fomula safi utapata naitrojeni asilimia 21, na hutakuwa umekosea.

Sababu ya nne hutokea mara chache lakini ikitokea kila kitu chini yake ni kazi bure: umebalansi kwa kubadilisha namba za chini. Magneziamu na oksijeni zimekuwa MgO₂ ili tu pande zilingane. Namba za mbele ndizo unazoruhusiwa kuzigusa. Ukibadili namba ya chini umeunda kitu kingine.

Dalili: jibu limezidi au limepungua mara 1,000

Hapa ni cm³ na dm³, karibu kila mara. Ukolezi wa M maana yake ni moli kwa dm³, kwa hiyo cm³ 25 ziandikwe 0.025 kabla ya kuzidisha. Ikiwa si hivyo, basi ni kilo na gramu.

Kuna kazi nyingine ambayo wanafunzi hujitwisha bila sababu. Swali likitoa tani, si lazima uzigeuze kuwa gramu. Chuma cha Liganga kule Ludewa kinapatikana kwenye magnetaiti, Fe₃O₄, ambayo masi yake ya moli ni 232, na ndani yake chuma ni 168. Basi tani 232 za magnetaiti safi zina tani 168 za chuma, kama ambavyo gramu 232 zina gramu 168. Ilimradi kizio ni kilekile mwanzo hadi mwisho. Neno "safi" ulizingatie: mwamba wa Liganga una titaniamu na vanadiamu ndani yake, hivyo swali likisema mwamba una magnetaiti asilimia fulani, zidisha kwa asilimia hiyo kwanza, kabla ya kwenda kwenye moli.

Dalili: jibu lina 10²³ mahali pasipohusika

Umezidisha kwa namba ya Avogadro kwa sababu tu ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya mtihani. Namba hiyo inatumika swali linapouliza idadi ya atomu, molekuli au ayoni, basi. Jibu la gramu 10²³ ni tani 10¹⁷. Mlima Rungwe wote haufiki hata karibu na hapo. Na kinyume chake: ukiulizwa idadi ya molekuli ukapata 0.3, umeishia kwenye moli, hujazidisha kwa namba hiyo.

Dalili: kilichotoka ni kizito kuliko kilichoingia

Anza kwa kuuliza kama kweli ni kosa. Makaa ya mawe ya Kiwira yakiungua, kila tani 12 za kaboni zinatoa tani 44 za kaboni dayoksaidi. Wanafunzi hulifuta jibu hili wakidhani wamechemsha. Liko sawa, tani 32 zilizoongezeka ni oksijeni iliyotoka hewani. Jumlisha *vyote* vilivyo upande wa kushoto kabla hujajilaumu.

Ikiwa hata baada ya hapo pande hazilingani, mlinganyo haujabalansi, rudi mwanzo. Na ikiwa umebalansi, basi swali limekupa viasi viwili na wewe umetumia kimoja kiholela. Hili ndilo swali la kitu kinachoisha kwanza, na linastahili mfano.

Umepewa zinki gramu 6.5 na cm³ 100 za HCl ya 1 M. Mlinganyo ni Zn + 2HCl → ZnCl₂ + H₂. Zinki ni moli 0.1. Asidi ni 0.1 × 1, nayo moli 0.1. Wengi wakiona zimelingana wanasema zitaisha pamoja. Wengine wanachagua chenye gramu chache, jambo ambalo halina maana yoyote hapa. Fanya hivi: gawanya moli za kila kimoja kwa namba yake ya mbele kwenye mlinganyo. Zinki, 0.1 kwa 1 ni 0.1. Asidi, 0.1 kwa 2 ni 0.05. Yenye jibu dogo ndiyo inayoisha kwanza, na kuanzia hapo hesabu yote inaifuata yenyewe. Haidrojeni itakuwa moli 0.05, na nusu ya zinki itabaki chini ya chombo. Aliyetumia zinki angepata moli 0.1 za haidrojeni, mara mbili ya inayoweza kutoka.

Dalili: jibu la gesi liko karibu, lakini si lenyewe

Gawanya. Ukipata 1.07, umetumia 24 mahali pa 22.4, au kinyume chake. Moli moja ya gesi ina dm³ 22.4 kwenye nyuzi 0 na kanieneo ya atm 1, na karibu dm³ 24 kwenye joto la chumba na kanieneo hiyohiyo. Soma swali linasema hali gani. Ukikuta mtandaoni namba 22.7, si kosa la uchapaji: tangu 1982 umoja wa kimataifa wa wanakemia, IUPAC, unapendekeza kPa 100 badala ya atm 1. Kwenye mtihani tumia namba uliyopewa na usibishane.

Ukikosea sana, mara mamia au hata zaidi ya elfu, huenda umetumia 22.4 kwa kitu ambacho si gesi. Maji yanayotokea kwenye joto la chumba ni kimiminika. Moli moja ya maji hayo ni cm³ 18, haijazi hata robo ya kikombe cha chai.

Halafu kuna jambo letu sisi wa nyanda za juu. Mwanafunzi anakusanya haidrojeni ya ule mfano wa zinki, anatarajia dm³ 1.12 au 1.2, anapata karibu dm³ 1.5. Anarudia, anapata ileile. Anaanza kushuku asidi. Asidi haina tatizo. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama atm 0.82. Hewa ikibana kidogo, gesi inatanuka zaidi, na moli moja kwenye nyuzi 20 inachukua karibu dm³ 29. Hapohapo, gesi iliyokusanywa juu ya maji imebeba mvuke wa maji, nao unaongeza ujazo kidogo. Kanieneo hiyo ndogo ndiyo pia inayofanya maji yetu yachemke kwenye nyuzi 94 hivi na maharage yachelewe kuiva. Kama maabara ina barometa, isome, kisha ugeuze ujazo wako kwa P₁V₁/T₁ = P₂V₂/T₂, joto likiwa kwenye kelvini. Kama haina, andika ulichokiona kwa uaminifu na ueleze. Usipike namba ili ifanane na kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya pwani.

Dalili: titresheni haitoi jibu la wenzako

Angalia kwanza usomaji, kabla ya hesabu. Ule mzunguko wa kwanza wa kukadiria hauingii kwenye wastani. Faneli iliyoachwa juu ya bureti inadondosha matone baadaye. Bureti iliyosuuzwa kwa maji tu, bila asidi inayokwenda kuwekwa, inazimua asidi yako. Pipeti ya 20 na ya 25 zinafanana ukiwa na haraka, na ukizichanganya kosa lako litakuwa mara 1.25.

Usomaji ukiwa safi, nenda kwenye uwiano. Na₂CO₃ inahitaji HCl mbili. Ukiwa na cm³ 25 za kabonati ya 0.05 M zilizomalizwa na cm³ 25 za asidi, asidi ni 0.1 M. Ukipata 0.05 umepuuza uwiano, ukipata 0.025 umeugeuza. Ni yaleyale ya juu.

Lakini hapa mara 2 inaweza kutoka kwenye chupa, si kwenye kalamu. Ukitumia fenolifthalini, ile mnayoiita POP, rangi inapotea kabonati ikiwa imefika nusu ya safari tu, na bureti inasoma nusu. Kwa kabonati na asidi kali, kiashiria ni methili oranji. Anayepata nusu kamili kila mara huku njia yake haina doa aangalie lebo.

Na ukipata kosa la 2.7, swali lilikuwa na fuwele. Na₂CO₃ ni 106, lakini Na₂CO₃·10H₂O ni 286. Ile nukta katikati haimaanishi kuzidisha, maji yanajumlishwa.

Dalili: fomula sahili ina desimali

Fomula sahili ni uwiano mdogo kabisa wa atomu kwa namba kamili. Chuma asilimia 70, oksijeni 30. Gawanya kwa masi za atomu: 70 kwa 56 ni 1.25, 30 kwa 16 ni 1.875. Gawanya kwa dogo: 1 na 1.5. Hapa ndipo mtu anaikata 1.5 kuwa 2 na kuandika FeO₂. Usikate. Zidisha zote kwa 2, upate Fe₂O₃, oksidi inayoupa udongo wetu wekundu. Ukiona .33 au .67 zidisha kwa 3, ukiona .25 au .75 zidisha kwa 4. Kukata kunaruhusiwa kwa 1.02 au 2.98 tu. Na kama namba hazifuati mpango wowote, umekata desimali mapema mno. Acha tarakimu tatu au nne mpaka mstari wa mwisho.

Dalili: mavuno yamezidi asilimia 100

Sampuli yako ni mbichi. Mashapo yaliyokaushwa kwa juujuu yana maji, nayo mizani inayapima. Kausha, poza, pima. Rudia mpaka uzito usibadilike tena. Ikiwa hayakuoshwa, chumvi nyingine imekauka nayo. Ni hesabu peke yake, hujashika mizani? Basi umegeuza: mavuno halisi, yaani kiasi ulichopata kweli, ndiyo yanayokaa juu, na yale ya hesabu chini.

Hapa acha, mwite mtu

Mlinganyo ukikataa kubalansi baada ya kujaribu vizuri, huenda fomula moja imekosewa tangu kwenye swali, au ni mmenyuko wa kupokezana elektroni ambao kubahatisha hakuuwezi. Mpelekee mwalimu. Vilevile kama watu wawili mmefanya kila mmoja kivyake, mmekubaliana, na kitabu kinasema vingine. Vijitabu vya maduka ya steshenari, hasa vilivyonakiliwa nakala juu ya nakala, vina majibu yaliyokosewa, na namba ndogo za chini ndizo zinazofutika kwanza. Nenda na kazi yako yote yenye mistari minne, usiende na jibu peke yake.

Kwa vitendo, masharti ni makali zaidi. Usitumie maji ya betri kufanyia titresheni nyumbani. Ni asidi ya salfuriki, nayo inakula ngozi na macho. Kuzimua asidi kali ni kazi ya fundi wa maabara au mwalimu, na ni asidi inayotiwa kwenye maji taratibu, kamwe si maji kwenye asidi. Chokaa iliyotoka kuchomwa isimwagiwe maji na mtu aliyeinama juu yake, kwa kuwa inachemka na kuruka. Asidi au chokaa ikimrukia mtu jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 huku kope zimefunguliwa, mtu mwingine akitafuta usafiri wa kumpeleka hospitali. Ripoti ya maabara itasubiri.